Mbele ya kununua kable, angalia tundu

Tulikuwa watu kumi na wawili nyuma ya laptopu moja ya inchi 14, mu biro yetu ya sindika hapa Kolwezi. Tulikuwa tunahesabu masaa ya ekipe ya usiku. Sheria ya kazi ya 2002 inasema masaa 45 kwa juma. Yenye kupita pale yanapashwa kulipwa kama masaa ya nyongeza. Mu Excel tuliandika masaa ya karatasi za mushahara, na kando yake masaa yenye watumikaji wenyewe waliandika mu daftari zao. Lakini wenye kusimama nyuma hawakuona hata namba moja. Mama mumoja, bwana yake anatumika chini ya udongo, alituambia: "Ba delege, munasema munaona. Siye tunaona migongo yenu tu." Alikuwa na haki.

Ekrani kubwa tulikuwa nayo, ya zamani, kamarade mumoja alituachia. Kilichokosa ni kable. Ku soko, kijana mumoja alitutolea kable yenye kichwa cha HDMI upande moja na VGA upande mwingine. "Papa, hii inaingia fasi yote." Na kweli iliingia! Ekrani ikaandika "Aucun signal", basi. Tulichomoa, tukazima yote, tukaanza tena, bure. Na pesa ilikuwa ya kotizasio ya wanamemba. Tuliona haya.

Fundi mumoja alitufasiria. VGA ni ile ya zamani, mara mingi ya rangi ya bluu, iko na meno 15 kwa mistari tatu na vise mbili kando. Inapitisha picha kama mawimbi ya umeme, bila sauti. HDMI inapitisha picha na sauti kwa namba. Waya peke yake haiwezi kugeuza namba kuwa mawimbi, inaomba adaptateri yenye chipi ndani. Siye wa mugodi tunaelewa hii neno: ukipakia malakiti mu lori, haifike ikiwa shaba. Inaomba ipite ku fabrika. Kable yetu ilikuwa lori bila fabrika.

Kwa hiyo angalia laptopu kwanza, kisha ekrani. Kama zote mbili ziko na HDMI, nunua HDMI ya kawaida, mambo imekwisha. DisplayPort inafanana nayo, lakini pembe moja tu njo imekatwa; musiisukume kwa nguvu. Kama ekrani iko na VGA tu, omba adaptateri, na useme wazi upande gani ni laptopu, sababu zingine zinatumika upande moja tu.

USB-C njo inadanganya watu. Tundu ni ile ndogo kama ya telefone za sasa, lakini zingine zinatoa picha, zingine hapana. Tafuta kando yake alama ya D na P, ao ya radi yenye mushale. Kama hakuna, soma kitabu cha mashini. Na kable ya kuchaji telefone, mara mingi haina waya za kupitisha picha.

Ukisha kuchomeka, bonyeza Windows na P pamoja, chagua "Dupliquer". Ku ekrani, bonyeza "Source" mpaka ionyeshe tundu yenye umetumia. Watu wanatupa kable nzuri sababu ya kusahau hii tu.

(Ndani ya kable kuna shaba, mu betri ya laptopu kuna kobalti. Pengine vilitoka hapa kwetu, na siye tunavirudilia ku soko kwa bei ya wengine.)

Juma lenye kufuata, adaptateri ilifika na ekrani ikawaka. Ule mama alitoka nyuma, akapita katikati yetu, akaweka kidole ku mustari wa bwana yake: daftari 54, karatasi ya mushahara 45.

"Masaa tisa," alisema. "Na hii ni juma moja tu. Mushuke chini, tuone zingine."