Ajali ya Mkanda Ina Kinga

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo ni la kweli kwa mvuvi anayekutwa na dhoruba katikati ya Ziwa Victoria, au kwa mkulima ambaye mto Nyando umefurika usiku na kuingia shambani mwake. Lakini si la kweli kwa mtu aliyepoteza mkono katika mkanda wa kuchukulia mizigo kiwandani. Mkanda ni kazi ya binadamu. Hatari zake zimejulikana tangu zamani, na kwa kila hatari mafundi wamekwisha kubuni kinga yake. Kwa hiyo ajali ikitokea mahali hapo, haifai kusema kwamba ni bahati mbaya tu. Yafaa kuuliza: kinga ilikuwa wapi?

Watu wa Kisumu na pwani ya ziwa wana sababu kubwa ya kulijua jambo hili. Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, ikiwa imepita katika bonde la Nyando, na baadaye viwanda vya sukari vikajengwa karibu na njia hiyo. Kiwanda cha Miwani kilikuwa cha kwanza, mwaka wa 1922. Cha Muhoroni kilianza mwaka wa 1966, na cha Chemelil mwaka wa 1968. Mbali zaidi, Mumias ilianza kusaga miwa mwaka wa 1973, na Awendo mwaka wa 1979. Viwanda hivi vimepata siku njema na siku mbaya, na vingine vimewahi kusimama kabisa. Lakini kazi ya kusaga miwa ni ile ile, na mzazi anayemwona mwanawe akienda kuandikwa kazi huko apaswa kujua anaenda kusimama kando ya mashine ya namna gani.

NJIA YA MUWA

Mkulima hufikisha miwa yake kwenye mizani, akapewa karatasi yake, akarudi nyumbani. Kutoka hapo muwa hauchukuliwi tena kwa mikono. Winchi huinyanyua miwa na kuiweka juu ya meza kubwa ya chuma, na meza huimwaga juu ya mnyororo mpana wenye mabamba. Mnyororo huo huipandisha miwa polepole mpaka kwenye visu vinavyozunguka kwa kasi, kisha kwenye nyundo za kuipasua, kisha kwenye vinu vya kuikamua. Makapi yanayobaki huchukuliwa na mkanda mwingine mpaka kwenye boila, nayo ndiyo kuni za kiwanda. Mwishoni sukari iliyokauka hutiwa katika magunia ya kilo 50, na mkanda wa mpira huyapeleka ghalani.

Hivyo katika kiwanda kimoja mna mikanda na minyororo mingi, nayo yote hutegemeana. Kama vinu vimeziba na mnyororo wa nyuma ukaendelea kuleta miwa, miwa hurundikana mpaka ikavunja chuma au ikamwangukia mtu. Kwa sababu hiyo kinga ya kwanza ya mtambo uliojengwa vizuri ni kwamba mashine zake zimefungamana: ya mbele ikisimama, zote zinazoilisha kutoka nyuma husimama zenyewe, bila kungoja mtu kukimbilia swichi.

MAHALI PANAPOUMA

Mkanda huwadanganya watu kwa upole wake. Mtu huogopa msumeno kwa kuwa unapiga kelele na meno yake yanaonekana, lakini mkanda huenda polepole kuliko mtu atembeaye, naye huuzoea kama jirani. Hatari yake haiko katikati, mahali mzigo unapoonekana. Iko mahali mkanda unapokutana na ngoma, yaani lile pipa la chuma linalouzungusha, na mahali mnyororo unapoingia katika meno ya gurudumu lake. Hapo vitu viwili huenda pamoja kuelekea ndani, na chochote kilichowekwa kati yao huvutwa.

Hebu tufanye hesabu. Mkanda unaokwenda mita moja kwa sekunde si wa kasi kubwa. Mtu akiguswa, hupita karibu robo ya sekunde kabla ya mwili kuanza kujivuta. Katika muda huo mkanda umekwenda sentimita 25. Maana yake ni kwamba kabla mtu hajaanza hata kurudisha mkono wake, mkono umekwisha kuingia mpaka kupita kifundo. Mwenye nguvu na mwenye akili nyepesi huvutwa sawasawa na mnyonge. Ndiyo sababu haitoshi kumwambia mfanyakazi ajihadhari. Hadhari ni njema, lakini hushindwa na robo ya sekunde.

KINGA ZA KUTAZAMIA

Mtu aliyeandikwa kazi katika kiwanda cha sukari, cha samaki, cha soda au cha saruji anaweza kuujua mtambo mzuri kwa macho yake mwenyewe, hata kama si fundi.

Kwanza, atazame ngoma za mbele na za nyuma, magurudumu ya meno, na rola za chini zilizo karibu na mkono. Zote ziwe zimefunikwa kwa wavu au bati la chuma, na matundu ya wavu yawe madogo hata kidole kisifike panapouma. Kifuniko kifungwe kwa bolti, kisitoke ila kwa spana. Kifuniko kilichofungwa kwa waya, au kilichoegemezwa ukutani kwa kuwa kinachelewesha kazi, si kinga tena. Mabomba ya kutilia grisi yatokeze nje ya kifuniko, ili mpaka grisi asiwe na haja ya kukifungua.

Pili, atafute kamba ya kusimamishia mtambo. Kamba hiyo hupita kando ya mkanda kwa urefu wote ambao watu hutembea, na kama watu hupita pande zote mbili, iwe pande zote mbili. Aivutaye popote huusimamisha mkanda. Kamba ikilegea kwa kukatika, mtambo mzuri husimama vile vile. Nayo ikiisha kuvutwa, mkanda usiweze kuondoka tena mpaka mtu aende mwenyewe mahali pale, aone kilichotokea, na kuirudisha swichi kwa mkono. Hata hapo kuirudisha kusiuondoshe mkanda, bali kuupe ruhusa tu ya kuwashwa. Vitufe vyekundu vya hatari vina sheria hiyo hiyo.

Tatu, asikilize. Mtu anayewasha mkanda mrefu hawezi kuona ncha zake zote. Kwa hiyo king'ora kilie kwanza, na upite muda wa kutosha mtu aliye karibu kuondoka, ndipo mota izunguke.

Nne, atazame mikanda inayopanda mlima. Mzigo ulio juu yake hutaka kurudi chini wakati umeme unapokatika, na mkanda uliojaa huweza kukimbia kinyumenyume. Lazima pawepo breki inayouzuia kurudi, inayofanya kazi bila umeme.

Tano, atazame njia za watu. Pawepo daraja lenye vishikio la kuvukia mkanda, ili mtu asiwe na sababu ya kuuruka wala kutambaa chini yake. Mahali mkanda unapopita juu ya vichwa pawe na wavu wa kudaka vitu vinavyoanguka. Sakafu iwe kavu na isiyo na molasi, na taa ziwake, kwa maana kiwanda cha sukari hakilali usiku.

Sita, penye makapi ya miwa pana vumbi na moto. Mkanda unaoteleza juu ya ngoma yake hupata joto kali, na makapi makavu hushika moto upesi. Mtambo mzuri una kifaa kinachopima mwendo na kuuzima mkanda unapoanza kuteleza. Vumbi la makapi yaliyoota ukungu nalo huleta ugonjwa wa mapafu, kwa hiyo wafanyakazi wa hapo wapewe vifaa vya kufunika pua na mdomo.

MTAMBO ULIOSIMAMA SI MTAMBO ULIOKUFA

Pamoja na hayo yote, iko saa moja ambayo vifuniko havisaidii. Ni saa ya kuzibua. Mkanda ukiziba, kifuniko lazima kiondolewe na mtu aingize mikono. Tena saa hiyo huja na haraka. Muwa uliokatwa hupoteza utamu wake kila saa unapokaa juani, na wataalamu husema usagwe ndani ya siku moja au mbili. Matrekta yamepanga foleni mpaka barabarani, wakulima wananung'unika, karani wa mizani ameacha kuandika, na mnyapara anauliza kila mara kama kazi imekwisha. Fundi huzima swichi na kuingia. Mtu mwingine katika chumba kingine, asiyejua lolote, huona mkanda umesimama, naye huuwasha.

Dawa ya hatari hii ni kufuli ya kawaida. Kabla ya kuingia, fundi huzima umeme katika swichi kubwa, si katika kitufe tu, kisha huifunga swichi hiyo kwa kufuli yake mwenyewe na kutundika kibao chenye jina lake. Ufunguo hukaa mfukoni mwake. Kama wanaingia watu watatu, zifungwe kufuli tatu, na mtambo usiwake mpaka ya mwisho imetolewa na mwenyewe. Halafu, kabla ya kugusa kitu, hujaribu kuuwasha ili kuhakikisha kwamba kweli umekufa. Hata hapo huangalia uzito mkubwa unaoukaza mkanda, na mzigo ulio mlimani, kwa kuwa vitu hivi vina nguvu bila umeme. Hufungwa au hutegemezwa kwanza. Marekani iliifanya kazi ya kufuli kuwa amri katika viwanda vyake mwaka wa 1989.

Kufuli si ghali kuliko kilo chache za sukari. Kinachokuwa ghali ni zile dakika za kungoja. Mkulima aliye katika foleni ajue kwamba, mtambo unapochelewa kwa sababu fundi amefunga kufuli, ucheleweshaji huo ni halali. Huenda fundi huyo ni mtoto wa jirani yake.

SHERIA YASEMAJE

Kuweka vifuniko juu ya mashine si fadhila ya tajiri. Uingereza iliiandika amri hiyo katika sheria ya viwanda ya mwaka wa 1844. Kenya ilipata Sheria ya Viwanda iliyoanza kutumika mwaka wa 1951, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007. Kwa sheria hii, mwenye kiwanda ndiye mwenye wajibu wa kuweka kinga, kuzitunza na kuwafundisha watu. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi nao wana wajumbe wao. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa na ya karibu apaswa kumwarifu mkubwa wake, na asilazimishwe kurudi mahali hapo mpaka hatari imeondolewa. Yeye naye hana ruhusa ya kuondoa kifuniko wala kuichezea kinga.

Mtu akiumia, habari ipelekwe kwa mwajiri bila kukawia, na makarani waiandike vizuri: siku, saa, mahali na mashaidi. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka wa 2007, madai ya fidia hutakiwa kupelekwa kabla ya kupita miezi 12 tangu siku ya ajali. Wako wanaonyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na muda ukapita.

Lakini fidia hainunui mkono. Mwanamume asiye na mkono hawezi kushika jembe wala kuvuta wavu, na mke na watoto wake hupungukiwa pamoja naye. Kwa hiyo anayeandikwa kazi leo asione haya kuuliza maswali matatu kabla ya kusimama kando ya mkanda: kamba ya kuusimamisha iko wapi, king'ora hulia kabla ya kuwashwa, na kufuli yangu ni ipi? Mnyapara mwema atafurahi kuyajibu. Asiyeweza kuyajibu amekwisha kutoa jibu, na jibu hilo lipelekwe mbele ya kamati ya usalama siku ile ile.