Kujiamini kwa Msomi Atafutaye Kazi

Neno kujiamini limejengwa juu ya shina amini, lenye asili ya Kiarabu, likatanguliwa na kirejeshi ji, ambacho humrudishia mtenda kitendo chake. Kwa umbo hilo msikiaji aweza kudhani kwamba imani hiyo huanza na kuishia ndani ya nafsi ya mtu. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba, kwa habari ya mwanafunzi wa chuo kikuu anayengojea kazi, umbo la neno halitupi ukweli wote. Imani hiyo hutolewa kwanza na watu, ndipo imrudie mwenyewe.

Tutwae mfano wa Endamarariek, kata ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, nchi ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wairaqw. Mtoto aliyelelewa huko kwa Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Afikapo sekondari hukuta Kiingereza, nacho humfuata hata chuo kikuu. Basi siku ya usaili hujieleza kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Akikwama kwa msamiati, huenda akajidhania amekwama kwa akili, na asiyetofautisha mambo hayo mawili hutoka chumbani amejihukumu kabla ya kuhukumiwa.

Mtaalamu wa saikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alitaja chemchemi nne za imani ya mtu katika uwezo wake: kutenda jambo akafaulu, kumwona aliye mfano wake akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na moyo wakati wa kutenda. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kupita zote. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepelekwa mazoezini, akafundisha darasa au akapima shamba kwa mkono wake, huwa na hoja ambayo cheti peke yake hakiwezi kumpa. Ama ya pili, yategemea mahali. Kijana wa Karatu huwaona kila siku waongoza watalii waendao Ngorongoro. Lakini asipomwona mtu wa kijiji chake aliyeshika kazi aliyoisomea, hukosa mahali pa kupimia tumaini lake.

Tena historia imebadili mambo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na wanafunzi 13 tu, wote wa sheria. Wasomi walikuwa wachache, na kwa miaka mingi baadaye serikali iliwapangia kazi wahitimu, hata utaratibu huo ulipokoma katika mageuzi ya uchumi yaliyofikia miaka ya 1990. Imani ya mhitimu wa zamani ilisimama juu ya ahadi ya dola. Wa leo huenda akaanza na deni: Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na mwaka 2016 makato ya mnufaika aliyeajiriwa yalipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara.

Limebaki jambo la lugha, nalo latuhusu zaidi sisi. Kazi kwa asili ni shughuli yoyote ya kutenda. Ajira ni kazi ya ujira. Kibarua, yaani barua ndogo, kilikuwa hati ya mfanyakazi wa kutwa kabla ya kuwa jina la kazi yenyewe. Siku hizi maana ya ajira imelimeza neno kazi. Mhitimu arudiye Endamarariek huulizwa, “Umepata kazi?” naye hujibu, “Bado,” ingawa tangu alfajiri alikuwa shambani akipalilia mahindi. Mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya ada hakukusudia kumwumiza; hata hivyo kila “bado” hupunguza kitu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya juu ya elimu imtengayo kijana na jamii yake. Lugha yetu yaonyesha kwamba onyo hilo halijapitwa na wakati.

Haifai, basi, kumwambia kijana ajiamini, tukaishia hapo. Apewe mazoezi ya kweli, aonyeshwe mfano wa karibu, afundishwe kujieleza, na jasho lake liitwe kazi. Mtu ni watu. Na kirejeshi ji hakina cha kurejesha pasipo wa kumwamini kwanza.