Passchendaele: Matope Yaliyotengenezwa na Mizinga

Flanders, magharibi mwa Ubelgiji, ni nchi tambarare yenye udongo mzito wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji hayazami, hutuama. Kwa karne nyingi wakulima waliyaondoa kwa mitaro iliyotunzwa kizazi hadi kizazi, wakapanda mazao mahali ambapo bila mitaro hiyo pangekuwa kinamasi. Hapo ndipo yalipopiganwa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia Julai 31 hadi Novemba 10, 1917, Mapigano ya Tatu ya Ypres, yanayojulikana zaidi kwa jina la kijiji yalikoishia: Passchendaele.

Wajerumani walikuwa wameshika mwinuko ulio mashariki ya mji wa Ypres. Si mlima, Passchendaele penyewe pana kimo cha kiasi cha mita 50 tu juu ya usawa wa bahari. Lakini katika nchi bapa namna hiyo, aliye juu kidogo humwona kila anayepita chini. Douglas Haig, kamanda mkuu wa majeshi ya Uingereza upande wa magharibi, alitaka kuuteka mwinuko huo, kisha njia panda ya reli ya Roulers, hatimaye afike pwani kwenye bandari za Ostend na Zeebrugge zilizotumiwa na nyambizi za Wajerumani. Isitoshe, sehemu ya jeshi la Ufaransa ilikuwa imeasi baada ya mashambulizi ya masika kushindwa, na mzigo ukawaelemea Waingereza.

Katikati ya Julai takriban mizinga 3,000 ilianza kufyatua. Hadi siku ya shambulio ilikuwa imerusha makombora zaidi ya milioni 4. Yaliwapiga Wajerumani, lakini yaliibomoa pia mitaro ya wakulima. Mchana wa siku ya kwanza mvua ikaanza, na Agosti nzima ikanyesha milimita 127 hivi, karibu mara mbili ya kawaida. Vitabu vingi huilaumu mvua. Ni kweli ilizidi, ila ilikuta nchi ambayo njia zake zote za maji zimekwisha kuvunjwa.

Mashimo ya makombora yalijaa maji hadi yakaungana. Askari walipita juu ya njia nyembamba za mbao, usiku, wakiwa na mizigo mgongoni, na aliyeteleza akiwa amejeruhiwa aliweza kufa maji shimoni. Farasi na nyumbu walizama. Vifaru vilikwama. Mizinga ilididimia kila ilipofyatuliwa, na kulenga kukawa kazi bure. Machela moja, ambayo kwenye ardhi kavu hubebwa na watu wawili, ilihitaji sita, wanane au zaidi, na safari ya kilomita chache ilichukua saa nyingi.

Upande wa pili nako hakukuwa na nafuu. Kwa kuwa handaki refu lilijaa maji, Wajerumani walijenga vibanda vya zege vyenye bunduki za rashasha, vimetawanyika kwa kina, ili adui akipita kimoja akutane na kingine. Mwezi huohuo wa Julai walianza kutumia gesi ya haradali, ambayo hubabua ngozi na kupofusha macho.

Septemba mvua ilikatika na vumbi likatimka. Jenerali Herbert Plumer, aliyekabidhiwa jukumu kuu, alibadili mbinu: kusonga hatua fupi, kusimama, kujiimarisha chini ya ulinzi wa mizinga, kisha kusonga tena. Alifaulu katika barabara ya Menin, msitu wa Polygon na Broodseinde. Oktoba mvua ikarudi, na mashambulizi hayakusimamishwa. Hilo ndilo kosa gumu zaidi kulitetea. Oktoba 12 askari wa New Zealand walitumwa kwenye seng'enge ambazo mizinga iliyokwama haikuweza kuzikata. Zaidi ya 800 kati yao walikufa siku hiyo.

Ndipo wakaletwa Wakanada. Kamanda wao, Arthur Currie, alipinga na kukadiria kwamba kijiji hicho kingemgharimu watu 16,000, wafu na majeruhi. Aliamriwa aendelee. Novemba 6 vijana wake waliingia Passchendaele, ambapo hapakubaki nyumba. Hesabu ya mwisho ikawa 15,654.

Kwa jumla Waingereza na washirika wao walisonga takriban kilomita 8. Idadi ya walioumia na kufa bado inabishaniwa, lakini kila upande ilipita 200,000. Aprili 1918, Wajerumani walipofanya shambulio kubwa, Waingereza waliuacha mwinuko huo wote katika siku chache.

Lango la Menin, lililojengwa Ypres kuwakumbuka askari wasio na kaburi linalojulikana, lina majina zaidi ya 54,000, na bado halikutosha. Wengi waliotoweka baada ya Agosti 15, 1917, karibu 35,000, waliandikwa kwenye ukuta wa makaburi ya Tyne Cot, chini kidogo ya Passchendaele. Wakulima nao walirudi, wakaichimba mitaro upya. Hadi leo jembe la trekta huibua makombora ambayo hayakulipuka, na mwenye shamba huyaweka kando hadi wanajeshi wa Ubelgiji waje kuyachukua.