Programu Huria na Maktaba Iliyofungwa: Tatizo Huanza Siku ya Kusambaza

Vijana wanaotengeneza programu huniuliza mara kwa mara kama ni kosa kuchukua programu huria na kuiunganisha na maktaba ya kampuni, ile ambayo msimbo chanzo wake haupatikani. Maktaba hapa ni msimbo uliokwisha andikwa ambao programu nyingine huuazima ili kuchora madirisha, kucheza video au kuchapisha hati. Jibu langu huanza na swali: unataka kuitumia mwenyewe, au unataka kuwapa watu?

Chukua leseni ya GPL, toleo la pili, la mwaka 1991. Ukiwa na kompyuta yako, unganisha upendavyo, leseni haikuingilii. Masharti yanaanza pale unapompa mtu mwingine nakala. Hapo kazi nzima inapaswa kutoka chini ya GPL, na msimbo chanzo wake wote upatikane. Kama kipande kimoja ni cha kampuni iliyoufunga msimbo wake, utautoa wapi?

Kisa kinacholionyesha jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha KDE. Oktoba 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi nchini Ujerumani, aliwaalika wenzake watengeneze mazingira ya kazi yenye madirisha na menyu kwa ajili ya Linux. Wakaijenga KDE juu ya Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ya Norway. Qt ilikuwa nzuri, na waandishi wa programu huria hawakuilipia hata senti. Msimbo wake uliweza hata kusomwa. Lakini ukiurekebisha, hukuruhusiwa kusambaza marekebisho yako. KDE yenyewe ilikuwa chini ya GPL, leseni inayodai ruhusa hiyohiyo.

Wapo waliojitetea kwa kipengele kimoja cha GPL. Kinasema huna haja ya kutoa msimbo wa sehemu ambazo kwa kawaida huja na mfumo endeshi. Sawa, lakini kipengele hicho kina mkia: msamaha unakoma ikiwa sehemu hiyo inasambazwa pamoja na programu yenyewe. Wakusanyaji wa mifumo kama Debian kazi yao ndiyo hiyo, kuweka kila kitu mahali pamoja na kukigawa. Mwezi Oktoba 1998 Debian ikatangaza kwamba inaiondoa KDE. Watu wengi walikasirika, wakaona ni ukaidi wa wanasheria wasio na shahada. Mimi naona Debian walikuwa sahihi. Walikuwa wakigawa kazi za watu, na kibali cha kuzigawa kwa namna ile hawakuwa nacho.

Wenye KDE wangeweza kuongeza sentensi inayoruhusu msimbo wao uunganishwe na Qt. Mwenye hakimiliki ana uwezo huo, na ni dawa inayofaa hadi leo. Ila baadhi ya programu za KDE zilikuwa zimeazima msimbo wa GPL kwa watu wengine, na huwezi kumkaribisha mgeni alale katika nyumba ya jirani yako. Ugomvi ulikwisha Septemba 2000, Trolltech ilipoitoa Qt chini ya GPL. Wakati huo GNOME, mradi wa mazingira mengine ya kazi ulioanzishwa mwaka 1997 kwa sababu ya leseni ya awali ya Qt, ulikuwa umeshakua, na hadi leo Linux ina mazingira makubwa mawili.

Siku hizi mtego uko zaidi kwenye sauti na video. FFmpeg, programu inayobadili faili za video, unaweza kuijenga mwenyewe ukiichanganya na x264, maktaba ya video iliyo chini ya GPL, na fdk-aac, maktaba ya sauti ambayo masharti yake hayapatani na GPL. Itakulazimisha kwanza ukubali waziwazi kwamba unajenga kitu kisicho huria, kisha mwisho wa matayarisho itaandika kwamba matokeo hayaruhusiwi kusambazwa. Itafanya kazi bila hitilafu yoyote. Ukiiweka tu ndani ya programu ya simu unayowauzia wateja, umevunja leseni.

Kwa hiyo kabla ya kufungasha chochote, andika orodha ya kila maktaba, leseni yake na mwenye hakimiliki. Kazi hiyo ni nyepesi mwanzoni, na ni mzigo mzito baadaye. Waulize watengenezaji wa VLC, programu ya kuchezea video. Walipoamua kuihamisha injini yao ya kuchezea video kutoka GPL kwenda LGPL, leseni inayowaruhusu hata wenye programu zilizofungwa kuitumia kwa masharti, ilibidi wawatafute wachangiaji wao mmoja mmoja, wakiwemo waliokwisha kuacha mradi zamani, na kuomba idhini ya kila mmoja kwa mistari aliyoandika.