Istilahi za Ndege za Kivita katika Kiswahili: Mafunzo kutoka Mpaka wa Rubavu na Goma

1.0 Utangulizi

Tarehe 24 Januari 2023, saa kumi na moja na dakika tatu jioni, kwa mujibu wa tamko la Serikali ya Rwanda, ndege aina ya Sukhoi-25 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika anga la Rwanda kwa mara ya tatu, na hatua za kujihami zikachukuliwa. Serikali ya Kongo ilikanusha. Ilisema ndege yake ilishambuliwa ikiwa katika anga la Kongo, na kwamba kitendo hicho kilikuwa sawa na tendo la vita. Ndege ilitua Goma ikiwaka moto, na moto huo ukazimwa.

Makala haya hayaamui mgogoro huo. Yanachunguza maneno yaliyoubeba. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017 na ni lugha ya taifa nchini Kongo. Mkazi wa Gisenyi anayevuka mpaka kila siku kwenda kuuza mboga Goma huamua kwenda au kubaki kwa kutegemea habari anazosikia. Neno lisilo sahihi laweza kumzidishia hofu au kumficha hatari.

2.0 Sukhoi-25 ni ndege ya namna gani?

Sukhoi-25 iliruka kwa mara ya kwanza Februari 1975, ikaanza kutumika katika jeshi la Kisovieti mwaka 1981. Haikuundwa ili kupambana na ndege nyingine, bali kuwasaidia askari walio ardhini. Ina injini mbili, na mwendo wake wa juu, takriban kilomita 950 kwa saa, haufikii ule wa sauti. Rubani amezungukwa na bamba la titani linalomkinga dhidi ya risasi zitokazo chini. Ndege ina mzinga wa milimita 30 wenye midomo miwili, na sehemu 10 chini ya mabawa za kutundikia mabomu, roketi na makombora. Toleo lililoboreshwa nchini Urusi, Su-25SM, halikukusudiwa kuongeza mwendo. Lililenga zana za kuongozea ndege na kulenga shabaha.

3.0 Jina moja, ndege nyingi

Vyombo vyetu vya habari huita ndege zote hizi "ndege ya kivita". Jina hilo ni mwavuli. Chini yake tunahitaji kutofautisha ndege ya mapambano ya angani, ndege ya mashambulizi ya ardhini na ndege ya upelelezi. Sukhoi-25 ni ya kundi la pili. Tofauti hii ina uzito: anayesikia kwamba ndege ya mashambulizi ya ardhini imeonekana anaelewa kwamba shabaha yake iko chini, mahali anapoishi yeye.

Kundi la nne, ndege za manowari, liko mbali na sisi tusio na bahari, lakini linathibitisha kwamba Kiswahili hakikosi malighafi. Ndege hizo huruka kutoka sitaha fupi. Katika manowari za Marekani na Ufaransa husukumwa na mtambo, na zinaporudi hunasa waya kwa kulabu iliyo mkiani. Mtambo huo waweza kuitwa manati, na yeyote aliyewahi kurusha jiwe kwa manati ataelewa kazi yake. Hata ukoo wa Sukhoi-25 una ndege ya namna hii: Su-25UTG, ya viti viwili, iliyotiwa kulabu, ilitua juu ya manowari ya Kisovieti tarehe 1 Novemba 1989.

Mfano wa pili ni F/A-18E/F Super Hornet ya Marekani. Toleo lake la Block III lina skrini kubwa ya kugusa, mawasiliano ya data yenye kasi zaidi, na umri wa saa 10,000 za kuruka badala ya 6,000. Mwandishi akisema ndege hiyo "imekarabatiwa", anapotosha. Kukarabati ni kukirudisha kitu katika hali yake njema ya awali. Kuboresha ni kukipa uwezo ambao hakikuwa nao.

4.0 Uzito wa vitenzi

Tarehe 7 Novemba 2022 Rwanda ilitangaza kwamba Sukhoi-25 ilitua kwa muda mfupi katika uwanja wa ndege wa Rubavu, kisha ikarejea Kongo. Kongo ilieleza kwamba ndege hiyo iliingia bila kukusudia. Hapa vitenzi vitatu hushindana: kuingia, kukiuka na kuvamia. Cha kwanza hueleza mwendo, cha pili hutoa hukumu ya sheria, cha tatu huongeza nia.

Hesabu fupi inafaa. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kila sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde nne. Hata ikipunguza mwendo hadi kilomita 540 kwa saa na kuinama nyuzi 60, itahitaji upana wa takriban kilomita 2.6 ili kugeuka na kurudi ilikotoka. Uwanja wa ndege wa Goma uko kilomita chache tu kutoka mpakani. Hesabu hii haimwondolei mtu yeyote wajibu wa kuheshimu mpaka. Inaonyesha tu kwamba mahali ilipo ndege, peke yake, hapatoshi kuthibitisha nia. Kwa hiyo "kuvamia" kunahitaji ushahidi zaidi kuliko "kuingia".

Kitenzi kingine ni kutungua, au kudungua. Anayetungua embe huliangusha. Ndege ya Januari 2023 ilipigwa, lakini ilitua. Kusema "ilitunguliwa" ni kutangaza tukio ambalo halikutokea.

5.0 Hitimisho

Makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha yaandae faharasa fupi ya istilahi za anga na ulinzi, kwa kushirikiana na marubani na wanahabari. Pili, istilahi hizo zianzie kwenye maneno yaliyopo, kama sitaha, kulabu na manati, kabla ya kukopa. Tatu, wanahabari wa pande zote mbili za mpaka watenganishe kitenzi cha tukio na kitenzi cha hukumu, na kila hukumu itajwe pamoja na aliyeitoa. Serikali mbili zinapotofautiana, msikilizaji wa Gisenyi na yule wa Goma wanastahili kwanza kuelezwa kilichotokea kwa maneno ambayo wote wawili wanaweza kuyapima.