Imeondolewa au itaondolewa? Lugha ya daftari la mabadiliko

Daftari la mabadiliko ni faili linaloambatana na programu, hasa programu huria, ili kumweleza mtumiaji kilichobadilika kutoka toleo moja hadi jingine. Si orodha ya kila hatua ya waandishi wa programu. Hizo huhifadhiwa na mifumo kama Git. Mtunzaji wa programu huchagua yale yanayomhusu mtumiaji na kuyaeleza kwa lugha inayosomeka.

Mwongozo wa Keep a Changelog, ulioanzishwa na Olivier Lacan, hugawa mabadiliko katika mafungu sita. Kwa Kiswahili twaweza kuyaita: Yaliyoongezwa, Yaliyobadilishwa, Yatakayoondolewa, Yaliyoondolewa, Yaliyorekebishwa na Yahusuyo usalama. Kiingereza hutumia neno moja lisilo na ngeli. Kiswahili hudai upatanisho. Kiambishi ya- hapa hurejelea nomino “mambo”, ambayo haikutajwa. Ndani ya fungu, kila kitenzi hufuata nomino yake: kosa limerekebishwa, kifurushi kimesasishwa, amri imeongezwa.

Fungu la tatu ndilo lenye mtego. Linganisha:

(a) Amri ya kuorodhesha imeondolewa.
(b) Amri ya kuorodhesha itaondolewa katika toleo la 3.0.0, tumia amri ya kutafuta.

Katika (a), kiambishi -me- chaonyesha tendo lililotimia: amri haipo tena. Katika (b), -ta- chaonyesha tendo lijalo: amri ingali inafanya kazi, lakini mtumiaji anahimizwa kuanza kuiacha. Katika kazi za wanafunzi wangu, fungu hili hufasiriwa mara kwa mara kwa -me-. Matokeo yake, msomaji huanza kuhangaikia amri ambayo bado ipo. Kosa la kinyume ni zito zaidi: asomaye “itaondolewa” ilhali amri imekwisha kutoweka, husasisha programu bila wasiwasi, kisha kazi yake ikakwama.

Tofauti hiyo hulindwa pia na namba za matoleo. Katika utaratibu wa namba tatu, kama 2.4.1, namba ya kwanza hupanda panapokuwa na mabadiliko yasiyopatana na toleo lililotangulia. Utaratibu huo hushauri onyo litangulie katika angalau toleo moja dogo, ndipo amri iondolewe katika toleo kubwa. Basi -ta- huandikwa katika 2.5.0, na -me- katika 3.0.0.

Tahadhari ya mwisho: si kila neno lafaa kufasiriwa. Katika vifurushi vya Debian, daftari husomwa pia na kompyuta: namba ya toleo huchukuliwa humo, na neno Closes likifuatwa na namba ya ripoti ya hitilafu huifunga ripoti hiyo kifurushi kipokelewapo. Maneno ya namna hiyo yaachwe yalivyo. Yaliyobaki yameandikwa kwa ajili ya binadamu, naye hutegemea kiambishi kimoja kujua kama bado ana muda wa kujiandaa.