Stergomena: Jina adimu la Kigiriki lenye maana ya ‘apendwaye’

JINA Stergomena si geni masikioni mwa Watanzania, ingawa wanaoitwa hivyo ni wachache mno. Wengi walilisikia kwa mara ya kwanza kupitia Dk. Stergomena Lawrence Tax, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, kuanzia mwaka 2013 hadi 2021, akiwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Septemba 2021 aliteuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na hapo pia akawa mwanamke wa kwanza.

Tangu wakati huo jina hilo limetajwa mara nyingi katika taarifa za habari. Hata hivyo, ni wachache waliojiuliza lina maana gani na limetoka wapi.

Muundo wake unaonyesha wazi kuwa ni la Kigiriki. Limejengwa juu ya kitenzi ‘stergo’, ambacho maana yake ni kupenda, hususan upendo uliopo kati ya mzazi na mwanawe. Mwisho wake, ‘-omene’, hufanya kazi inayofanana na ya kauli ya kutendwa katika Kiswahili, tena kwa jinsia ya kike. Kwa hiyo Stergomena ni ‘mwanamke apendwaye’.

Wagiriki wa kale, au Wayunani kama wanavyoitwa katika Biblia ya Kiswahili, walikuwa na maneno kadhaa ya upendo. ‘Filia’ ni upendo wa marafiki, ‘eros’ ni mapenzi ya mwili, na ‘agape’ ndilo neno ambalo Wakristo walilitumia zaidi kwa upendo wa Mungu. ‘Storge’, linalotokana na kitenzi hicho cha ‘stergo’, ni upendo wa ndani ya familia. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 12, anatumia neno linalounganisha ‘filia’ na ‘storge’ anapowahimiza waumini wapendane kama ndugu.

Jina hili lina dada yake aliye maarufu zaidi, nalo ni Filomena, ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na neno jingine la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya ‘apendwaye’. Tofauti ya umaarufu wa majina haya mawili imeletwa na historia. Mei 1802, katika makaburi ya kale ya Priscilla mjini Roma, lilifukuliwa kaburi lililofunikwa kwa vigae vitatu vyenye maandishi yaliyosomwa kuwa ni jina Filumena. Ibada kwake ilienea upesi, hasa kupitia Padri Jean-Marie Vianney wa Ars, Ufaransa, na mwaka 1837 Papa Gregori wa 16 akaruhusu sikukuu yake iadhimishwe. Ijapokuwa Roma iliiondoa sikukuu hiyo katika kalenda mwaka 1961, jina lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Stergomena halikupata bahati ya namna hiyo, kwani halimo miongoni mwa majina ya watakatifu yaliyozoeleka.

Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Mkoa wa Arusha, majina ya Kigiriki ni ya kila siku. Anastazia, yaani ‘ufufuko’. Agnes, yaani ‘safi’. Irene, yaani ‘amani’. Na Sofia, yaani ‘hekima’, yote yana asili hiyo. Yalienezwa na misheni pamoja na ubatizo. Kwa Wakatoliki, eneo hili liko katika Jimbo la Mbulu, lililopewa hadhi ya jimbo mwaka 1953.

Majina hayo hayakukuta uwanja mtupu. Wairaqw, Wagorowa, Wadatoga, Wambugwe na Warangi wana majina yao yenye maana. Kwa Wairaqw, kwa mfano, Tluway ni ‘mvua’. Kwa Wadatoga, majina mengi ya wanaume huanza na ‘Gida’ na ya wanawake huanza na ‘Uda’, hivyo jinsia hutambulika ndani ya jina lenyewe, kama ilivyo kwa Kigiriki. Wala wazo la kumwita mtoto ‘mpendwa’ halihitaji kuvuka bahari ya Mediterania: Kiswahili kina Pendo, na kutoka Kiarabu tumepata Habiba.

Pamoja na uzuri wake, jina adimu lina gharama, na anayeilipa ni mtoto. Silabi ya ‘ster’ haijazoeleka katika matamshi ya Kiswahili, kwa hiyo asiyewahi kuliona jina hili limeandikwa anaweza kuliandika Stegomena au Sterigomena. Kosa la herufi moja katika kadi ya kliniki huweza kuhamia kwenye cheti cha kuzaliwa, rejesta ya shule na hatimaye cheti cha mtihani. Madhara yake hujitokeza miaka mingi baadaye, binti anapoomba pasipoti, kitambulisho cha taifa au mkopo wa elimu ya juu, ambapo nyaraka zake hutakiwa kulingana.

Mzazi anayechagua jina la aina hii anashauriwa kuliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kumkabidhi mwandikishaji, badala ya kulitamka tu, kisha alisome herufi kwa herufi kabla ya kuondoka na cheti. Kosa likigundulika, lirekebishwe mapema kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Likiachwa hadi nyaraka nyingine zimekwisha kutolewa, mhusika hulazimika kutafuta hati ya kiapo, na pengine hati ya kubadili jina, kwa gharama na usumbufu.

Jina lenye maana ya ‘apendwaye’ linastahili uangalifu huo, kwani mtoto atalibeba maisha yake yote.